Direkta Amenipa Ng'ombe

Kama ulikosa masimulizi yangu ya wiki zilizopita, usijali. Shida zangu zimetungwa kama shanga, ukishika moja umezishika zote.

Naitwa Isimbi, binti wa Habiyaremye wa Burungu. Nilisomea uongozi wa hoteli pale Goma, nikatoka na diploma na ndoto moja: kuja kuongoza hoteli ya kifahari ambayo mgeni akiondoka anageuka nyuma kuitazama mara nyingine.

Hoteli ya kwanza ilifunga milango wiki ile ile niliyoanza kazi. Ya pili, mwenye hoteli alitaka nipande cheo kwa kupitia chumbani kwake. Niliacha funguo mezani nikaenda zangu. Ya tatu ndiyo hii Lodji Korongo, juu ya vilima vya Masisi, ambako nilianza kwa kutandika vitanda nikafika kusimamia mapokezi.

Watu huniuliza ni nani anayekuja kulala mahali ghali namna hii katika vilima vyenye taabu kama vyetu. Wanakuja. Wenye machimbo ya Walikale, wakubwa wa mashirika, watoto wetu waliotajirikia ng'ambo. Wanataka ukungu wa asubuhi, jibini la hapa hapa, na shuka lisilo na kunyanzi hata moja.

Wiki iliyopita niliwaacha nje ya mlango wa Direkta Guy, mkurugenzi wa lodji. Nilikuwa nimeitwa ghafla, na Marcellin, mkuu wa mgahawa, alikuwa ameninong'oneza nikipita, "Beba kitambaa ya machozi, dada."

Basi nikaingia.

"Kaa," Direkta akasema.

Sikukaa. Mtu akifukuzwa heri afukuzwe amesimama.

"Isimbi, nimepeleka jina moja kwa Mama Mukagasana. Jina ya kuwa naibu wangu. Si ya Marcellin. Ni yako."

Lazima mnielewe hapa. Mama Mukagasana ndiye mwenye lodji. Marcellin ni mtoto wa dada yake marehemu, na amemlea mwenyewe. Kila mtu, kuanzia jikoni hadi getini, alijua kiti kile ni cha Marcellin. Kilikuwa kinangoja tu kupanguswa vumbi.

"Anakuja Jumapili," Direkta akaendelea. "Akipenda vile unafanya kazi, atatangaza mbele ya wote. Ukiharibu, mimi sina tena sauti."

Maneno yakanitoka kabla sijayapima. "Direkta, umenipa ng'ombe."

Aliinua macho. "Nimekupa nini?"

Ikabidi nimweleze. Kwetu sisi wafugaji, mtu akikutendea jema lililoipita aksanti, unasema amekupa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hayupo. Ni shukrani tu, lakini ni shukrani ya mwisho, juu yake hakuna nyingine.

Direkta Guy akacheka hadi miwani ikamteleza puani. "Mimi mutoto ya Kinshasa, ng'ombe namujua mu sahani. Lakini hiyo neno ni nzuri. Nimekupa ng'ombe. Nitaikamata."

Aliikamata kweli. Laiti angeisahau.

*

Baba yangu hana simu. Vita vilipomaliza ng'ombe wake aliuza na simu pia, akasema hana tena wa kumpigia kuuliza habari za malisho. Ukimtaka, unampigia jirani yake, Papa Ndagijimana, mkulima wa viazi, ambaye hupata rezo, yaani mtandao wa simu, akisimama juu ya jiwe nyuma ya shamba lake.

"Alo, Papa Ndagi?"

"Isimbi. Sema mbio, rezo inakuya inaenda."

"Mwambie Papa, Direkta amenipa ng'ombe."

"Nani amefanya nini?"

"Direkta Guy. Amenipa ng'ombe. Mwambie hivyo hivyo, yeye atafahamu."

Ikapita sauti ya upepo, halafu yake, kama inatoka ndani ya mtungi. "Juu yako weye?"

"Ndiyo, juu yangu. Na Jumapili nitatangazwa mbele ya watu wote."

"Jumapili hii?"

"Hii hii."

Nilikuwa nalia kwa furaha, naye alinisikia. "Usilie, mutoto," akasema. "Tutafanya kila kintu vile inafaa."

Rezo ikakata. Nilijifuta uso, nikaona jirani yetu amejibu kwa upole sana. Sikujiuliza ni kitu gani hicho kinachofaa kufanywa.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za kung'arisha. Tuling'arisha vijiko, vioo, hata majani ya maua ya ukumbini. Mwalimu wetu wa Goma alikuwa akisema kwamba hoteli ya kifahari ni ile ambayo shida zote zinatembea nyuma ya ukuta, na mgeni hasikii nyayo zake. Nilitaka Mama Mukagasana asisikie unyayo hata mmoja.

Marcellin, aliyekuwa amekwisha kuinusa habari, alianza kuniita Naibu ingawa hakuna aliyetangaza.

"Naibu, glasi hii inakaa sawa, ao tumuite Direkta akuye kuipima na macho yake?"

"Inakaa sawa, Marcellin."

"Ukisema weye, inakaa sawa. Siye wengine tulisomea kazi tu. Hatukufundishwa namna ya kupendwa."

Wapishi wakachekea viganjani. Mimi nikaendelea kupanga glasi.

Hiyo ndiyo sumu niliyokuwa naiogopa. Kwa msichana katika kazi hii, kila ngazi unayopanda kuna mtu chini anayeuliza ni nani aliyekushika mkono. Niliapa kwamba kiti kile nitakipata mchana kweupe, kwa kazi yangu, mtu asibaki na la kusema. Na nikikipata, nitakuwa kiongozi ambaye msichana wa kutandika vitanda anaweza kumwangalia usoni.

Msinicheke. Nilikuwa naamini hivyo, na bado naamini.

*

Jumapili ikafika na jua safi.

Mama Mukagasana alikuja baada ya ibada, amevaa kitenge cha kijani na kilemba chake, akitembea polepole kama mtu anayehesabu vigae. Alipita vyumbani. Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Alimuuliza msichana wa kutandika vitanda jina lake, msichana akajibu bila kutetemeka, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwamba jina lake si kosa.

"Nani alifundisha huyu?" Mama akauliza.

"Ni Isimbi," Direkta akasema.

Mama aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyo lazima.

Wakakaa verandani kwa chakula: Mama, Direkta, na mabwana wawili wenye machimbo ya Walikale waliokuwa wageni wetu. Marcellin alikuwa anahudumu mwenyewe, glavu nyeupe, mkono mmoja mgongoni. Baada ya kahawa, Mama angesimama na kutangaza.

Hapo redio yangu ya mkononi ikakoroma.

"Mapokezi, huku getini. Kuna bazee batatu bamefika na pikipiki. Bako na bido ya kasiksi."

"Dumu la pombe? Wanataka nini?"

Mlinzi alisita. "Banasema bako bakwe ba Direkta."

"Wakwe wa nani?"

"Ba Direkta Guy. Banauliza ng'ombe iko wapi."

Nilisimama na redio sikioni, na maneno yangu mwenyewe yakanirudia moja moja kutoka juu ya lile jiwe la Burungu. Mwanaume ametoa ng'ombe kwa ajili ya msichana ambaye hajaolewa. Msichana analia kwenye simu. Jumapili anatangazwa mbele ya watu wote. Na huku kwetu, anayetangazwa Jumapili hutangazwa kanisani, kabla ya ndoa.

Papa Ndagijimana hakuongeza neno hata moja. Alifikisha tu, na yale machozi na lile tangazo yakamfanya hata baba, anayeijua shukrani yetu, aone ng'ombe wa mahari.

*

Niliteremka kwenda getini nikikimbia kwa viatu vya kazi.

Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, lile la kahawia, na kofia. Pembeni yake alisimama kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa, ambaye hacheki hata siku za sikukuu. Papa Ndagijimana alikuwa amelikumbatia dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, kama mtoto aliyelala.

Na mkononi mwa baba kulikuwa na kamba. Mpya, ya katani, imesokotwa vizuri, kitanzi kimefungwa tayari kwa shingo ya ng'ombe.

"Mutoto anatangazwa na baba yake hakuitwe," baba akasema. Lakini hakuwa na hasira. Tangu ng'ombe wetu watwaliwe, sikuwa nimeuona uso wake ukiwa vile. "Nilisema, labda bakwe zetu ni batu ba muji, habajue. Basi siye tutaenda."

"Papa, sikiliza. Kuna kitu—"

"Nimemuita Gaju," akasema.

"Nani?"

"Ng'ombe. Sijamuona, lakini nimemuita Gaju. Nilimuota ni mwekundu."

Ningemwambia nini? Baba Mkubwa amesimama pale, mlinzi amesimama pale, dereva wa pikipiki anasikiliza huku akijifanya anapima tairi.

"Na pombe?" nikauliza, ili tu niseme kitu.

"Haijafunguliwa," Papa Ndagijimana akasema kwa fahari. "Bazee habanywi mbele ya weye kujibu. Unajua desturi."

Najua. Kwetu pombe ya wakwe hainywewi hadi binti aulizwe: tunywe? Akisema tunyweni, ameolewa. Akinyamaza, dumu linarudi njiani likiwa limejaa, na kila mtu anaona.

"Njooni huku," nikasema. "Kuna njia nzuri ya nyuma, inapita jikoni. Mtapumzika, halafu—"

Baba Mkubwa akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Baba ya muchumba hapite jikoni."

"Baba Mkubwa, ni kwa muda kidogo tu."

"Tulipita Burungu yote na hii bido. Batu baliuliza, tukajibu. Sasa unatupitisha fasi ya takataka?"

Nyuma yangu nikasikia sauti laini kama siagi. "Karibuni, bazee. Juu ya nini munasimama kwa jua?"

Ilikuwa Marcellin. Amevua glavu moja. Aliangalia dumu, kamba, koti la baba. Yeye naye ni mtoto wa vilima hivi; hakuhitaji kuelezwa. Niliona tabasamu likimjia taratibu, kama mtu anayefungua zawadi.

"Marcellin, tafadhali," nikanong'ona.

"Naibu, si njo weye unatufundishaka? Mugeni hasimame mulangoni." Akamwinamia baba kwa heshima zote. "Papa, Direkta iko verandani. Anabangoja."

*

Sijui kama mmewahi kuiona hatari inatembea mbele yenu na viatu vya gambuti. Walipanda ngazi za veranda, baba mbele, dumu nyuma. Mabwana wa Walikale waliacha kutafuna.

Nilimkimbilia Direkta nimwinamie sikioni. Sikufika.

"Bwana Direkta," Papa Ndagijimana akaanza, akiwa ameweka dumu chini na kofia kifuani. Alikuwa amejifunza hotuba yake njiani, ilionekana. "Siye hatukukuya na maneno mingi. Huyu ni Habiyaremye, baba ya Isimbi. Mimi njo nilipokea habari. Tunataka tu kusikia na masikio yetu. Ni weye ulimupa mutoto wetu ng'ombe?"

Direkta Guy akang'aa uso mzima. Nyie, nilimwona akikumbuka. Mtoto wa Kinshasa, amepata nafasi ya kuonyesha mbele ya mwenye mali kwamba anajua maneno ya watu wa vilima.

"Ndiyo, Papa," akasema kwa sauti ya kufika hadi bustanini. "Njo mimi nilimupa ng'ombe. Na alistahili. Ningeweza, ningemupa mbili."

Kijiko kikaanguka. Sikujua cha nani.

Baba alifumba macho. Baba Mkubwa akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Papa Ndagijimana akageukia dumu lake.

Mama Mukagasana, ambaye alizaliwa kati ya ng'ombe kama mimi, aliangalia dumu, akaangalia kamba, akaangalia kidole cha Direkta chenye pete. Direkta ana mke na watoto Kinshasa. Kila mtu anajua, Mama kuliko wote.

"Guy," akasema. "Unajua umesema nini?"

"Nimesema aksanti ya huku, Mama. Isimbi alinifundisha."

"Ni Isimbi alikufundisha."

Mama alinigeukia. Akauliza kwa lugha ya nyumbani kwetu, bila kupandisha sauti, jinsi mtu anavyomuuliza daktari habari za mgonjwa: kuna ng'ombe au hakuna?

*

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema tutaongea baadaye, faraghani. Shule ilinifundisha hivyo: shida zitembee nyuma ya ukuta.

Lakini shida hii ilikuwa baba yangu, na baba yangu alikuwa amesimama mbele ya ukuta, na kamba mkononi.

"Hakuna ng'ombe, Mama," nikasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Direkta alipendekeza jina langu kwa kazi ya unaibu. Nilishukuru vile tunashukuru kwetu. Nikamtuma Papa Ndagi amwambie baba, rezo ikawa mbaya, na mimi nilikuwa nalia. Kosa ni la mdomo wangu. Direkta hajanigusa hata mkono, na hakuna mtu anayenioa."

Papa Ndagijimana akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayetaka wengine wacheke naye. Hakuna aliyemfuata. Kikamfia mdomoni.

"Si ulisema nimuambie hivyo hivyo?" akaniuliza, kama mtoto.

"Nilisema hivyo, Papa Ndagi. Haukukosea."

Direkta Guy sasa alikuwa ameelewa. Shingo yake ilikuwa imeloa. "Mama, nakuapia—"

"Nyamaza kwanza, Guy."

Mimi nilikuwa namwangalia baba. Aliikunja ile kamba, mara moja, mara mbili, kwa uangalifu, akaiingiza ndani ya koti lake na kufunga vifungo, kama mtu anayeficha mkate mbele ya wenye njaa.

Bora angenipiga.

"Nakuamini," Mama Mukagasana akaniambia. "Mutoto anayedanganya angechagua uongo bora kuliko huo. Lakini mimi ni muntu moja. Mangaribi Burungu itajua. Kesho soko ya Kitshanga itajua. Batasema, Direkta alitoa ng'ombe, musichana akapata kiti. Utaongoza nani na maneno hiyo juu ya kichwa?"

"Mama, angalia kazi yangu. Ni hiyo tu naomba."

"Kazi yako nimeiona. Njo maana inaniuma."

Marcellin alikuwa amesimama na birika la kahawa, uso umetulia, kama mtu ambaye chakula chake kinakuja.

Mama akamgeukia baba. "Papa Habiyaremye. Ulikuya na kamba."

Baba alitazama chini.

"Muntu hatoke kwangu na kamba bila kintu. Niko na ng'ombe mu malisho ile ya chini. Teremuka, chagua moja."

Nilidhani baba angelia. Badala yake alijinyoosha mgongo.

"Aksanti, Mama. Lakini mimi si wa kupewa sadaka. Nilikuya juu ya mutoto. Kama si juu ya mutoto, nitarudi na kamba yangu."

"Na mimi sitoi sadaka," Mama akasema.

Baba Mkubwa alikohoa. Aliuliza lile swali ambalo mzee yeyote wa kwetu angeuliza, kwa sababu ng'ombe akitoka kwenye boma moja kwenda jingine lazima awe na jina la mtu mgongoni. "Basi inatoka kwa jina ya nani?"

Mama Mukagasana hakufikiri. Au alikuwa amefikiri tangu alipoliona dumu.

"Kwa jina ya mutoto ya dada yangu," akasema. "Kwa jina ya Marcellin."

Tangu nimjue, Marcellin hajawahi kumwaga tone. Kahawa ilipita juu ya kikombe, ikapita juu ya sahani, ikachora ramani nyeusi kwenye kitambaa cheupe mbele ya bwana wa Walikale, naye akaendelea kumimina.

"Mama Mudogo," akasema.

"Nini? Si weye ulibafungulia geti?"

Halafu akanisogelea, akanishika mkono, na harufu yake ya sabuni ya maua ilinikumbusha mama yangu. Akaongea chini chini.

"Nilikuya na kiti kimoja na batu babili. Sikuwa nalala juu ya hiyo. Sasa sikiliza. Leo natangaza jina yako, kiti iko yako. Na hakuna mudomo itafunguka juu ya muke ya mutoto yangu, Burungu wala Kitshanga. Papa yako anarudi na ng'ombe. Nani anapoteza?"

Direkta aliangalia sahani yake. Aliogopa, na sasa alikuwa ameona mlango wa kutokea. Hakutaka mtu aufunge.

Kiti kilikuwa mbele yangu. Kile kile, mchana kweupe, jinsi nilivyoapa. Ila nikikikalia sasa, nitakuwa nimekikalia kwa ng'ombe, na wale wapishi waliochekea viganjani watakuwa walisema kweli kabla ya wakati wake. Na nikikataa, Marcellin wa mgahawa ndiye atakuwa naibu, na baba yangu atapita Burungu nzima na dumu lililojaa.

Papa Ndagijimana, ambaye hana moyo wa kukaa na huzuni muda mrefu, alikuwa tayari amefungua kifuniko. Harufu ya ndizi iliyoiva ilijaa veranda. Alimimina kikombe kimoja, akakileta kwangu, maana binti ndiye anayempa baba yake akikubali.

Nilimwangalia Marcellin juu ya kile kikombe. Nilitegemea chuki. Hakuwa na chuki. Uso wake ulikuwa mtupu, kama chumba ambacho mgeni amehama, na midomo yake ikafanya neno moja bila sauti. Kazi ya ukumbini inakufundisha kusoma midomo ya watu wa meza ya mbali. Nilisoma mara mbili ili nisikosee.

Neno lilikuwa: kubali.

Kwa nini yeye, mwenye kupoteza kiti, aniambie nikubali, sikuweza kulifahamu. Na hapakuwa na nafasi ya kumuuliza, kwa sababu baba alikuwa amesogea karibu yangu. Kofia ilikuwa mkononi. Vifungo vya koti vilikuwa wazi, na ncha ya kamba ilikuwa imechungulia tena nje.

"Isimbi," akasema. "Sikukazi. Mungu anaona, sikulazimishi. Lakini niambie mutoto wangu, mbele ya hawa bazee. Tunywe, ao tuirudishe?"

Nikakishika kikombe kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mgeni wa heshima, povu likiwa bado linapasuka juu yake, nikafungua mdomo. Nililosema mtalisikia wiki ijayo.